Jimbo Lililosusa

Noela alitupa begi lake mlangoni, akajitupa kifudifudi kwenye kochi na mabuti yake ya theluji mguuni. Nikajua leo kuna jambo, maana mjukuu wangu huyu akitoka shule huanza kwanza kusalimiana na friji.

"Mke mwenzangu, nani kakuudhi?"

Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili anakisikia chote, ila ulimi unamgomea. Ikabidi nimsubiri baba yake, mwanangu Cleophas, avue koti anieleze. Akaeleza huku akijizuia kucheka.

Ijumaa darasa lao litaigiza jinsi Wamarekani walivyounda serikali yao. Walishamshinda mfalme wa Uingereza vitani, wakabaki majimbo kumi na matatu, kila moja na kiburi chake. Serikali ya kwanza haikuwa na uwezo hata wa kutoza kodi; ikiomba, majimbo yanatazama pembeni. Ndipo wakaitana Philadelphia wapange upya. Kila mtoto kapewa jimbo. Noela kapewa Rhode Island, dogo kuliko yote.

"Na udogo ndio unamliza?"

"Hapana, mama. Rhode Island haikwenda. Ilikataa katakata. Kwa hiyo Noela hana neno hata moja la kusema. Mwalimu Lois kampa kazi ya kuvuta pazia."

Noela akalipiga kochi ngumi. Ijumaa haendi shule! Hilo nililielewa bila mkalimani.

Nikamaliza fungu la rozari lililokuwa mkononi, kisha nikauliza, "Ilikataa kwa nini?"

"Iliogopa kumezwa na wakubwa."

"Basi ilisusa tu. Anayesusa anangoja abembelezwe."

Nikawasimulia habari za shangazi yangu Verediana kule Bukoba. Siku ya harusi ya dada yangu alijifungia nyumba ya jirani, akasema haji ng'o, kwa kuwa posa ilipokelewa bila yeye kuulizwa. Wakatumwa wajumbe, akawafukuza. Wakapeleka kitenge, akakitazama kwa jicho moja. Alikuja watu wameshaanza kula, na vigelegele alivyopigiwa, bibi harusi mwenyewe hakuvipata.

Noela aliinua kichwa. Je, Rhode Island nayo mwishowe ilikuja?

Cleophas hakujua. Mtoto akavuta kitabu cha shule, na ndizi zangu zikapoa mezani. Mara akaruka juu ya kochi. Ilikuja! Ilikuja kujiunga ya mwisho kabisa, wenzake wameshamchagua na rais, tena baada ya kutishwa kwamba bidhaa zake zitatozwa ushuru kama za nchi ngeni.

Kesho yake alimweleza mwalimu, na mwalimu akakubali: ataitwa mwishoni, akatae mara moja, akiitwa tena aende.

Ijumaa nilikwenda na Cleophas, mkalimani wangu, na Hamida, jirani yangu wa ghorofa ya chini, mtu wa Tanga. Njia nzima namwomba Mama Maria amfungue mtoto kinywa. Jukwaani watoto walivaa mawigi ya pamba, wanajipepea kwa joto la kiangazi cha Philadelphia wakati nje theluji imefika magotini. Wakagombana vizuri sana. Majimbo makubwa yanataka wajumbe kwa wingi wa watu, madogo yanataka wote wawe sawa. Wakapatana wawe na mabaraza mawili, kila upande upate chake. Ndipo wakaita, "Rhode Island!"

Noela alikuwa mlango wa nyuma, amejifunga kitenge changu, mikono kifuani. Akasema hapana. Wakaita tena. Hapana!

Nikashtuka. Jimbo la Virginia, kijana mrefu, wigi limemwangukia sikioni, akashuka kumtisha kwa ushuru. Noela akageuza uso ukutani.

"Loo!" Hamida akaninong'oneza. "Huyu kasusa kwelikweli. Utadhani wifi yangu!"

Virginia akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama karatasi zake, na maneno yalishakwisha. Nikasema moyoni, mwanangu, shangazi Verediana naye alijua pa kukomea.

Kumbe yupo Delaware, jimbo jingine dogo, kasichana kadogo kenye miwani. Hakuna aliyekatuma. Kakashuka ngazi, kakavua wigi lake, kakamvika Noela kichwani na kumshika mkono.

Noela akacheka. Akaenda.

Mimi na Hamida tukapiga vigelegele, na Mungu anisamehe kama nilipitisha kiasi. Wazungu wakageuka kwa hofu, kisha baba mmoja mnene akajaribu, akatoa sauti ya birika linalochemka, na ukumbi wote ukafuata. Noela akapanda jukwaani, akanyoosha mkono watu wanyamaze, akaanza kusema. Akasema, akasema. Mwalimu Lois amekaa chini, anapangusa macho kwa kicheko.

"Anasemaje?" nikamvuta Cleophas shati.

"Anataka haki za watu ziandikwe kabla hajaketi. Hebu ngoja, mama, bado anaendelea."