Shanta la Baba Justus

Watu wakisikia nilikaa Garissa wakati wa vita vya mashifta, wananiuliza habari za risasi. Risasi nilizisikia mara mbili tu, tena kwa mbali. Nilichokijua mimi ni kukaa. Kukaa katika chumba kimoja cha bati kwenye laini ya polisi, mume wangu Kinoti, askari, yuko porini siku kumi na mbili, anarudi siku nne, anaondoka tena. Mtoto wetu Justus tulimwacha Meru kwa mama yangu, maana barabara zilikuwa zimeanza kutegwa mabomu. Majirani zangu karibu wote walikuwa Wakamba. Wakianza kupiga soga kwa lugha yao, mimi nabaki kuangalia sufuria.

Kitu kimoja kilikuwa changu, nacho ni shanta la Kinoti. Lilikuwa mfuko wa mgongoni wa turubai la kijani, mkubwa, mtoto wa miaka minne angeweza kulala ndani. Kila jioni ya kuamkia doria, Kinoti alinipa shanta na vitu vyake vyote, akaenda kukaa mlangoni. Nami nilipanga. Makopo ya nyama chini kabisa, unga juu yake, sukari na majani ya chai, sufuria, nguo, blanketi likafunika. Nilishindilia kwa goti. Nikimaliza namwita, anakuja kulinyanyua, anasema, "Limekaa vizuri, Mama Justus." Basi maneno hayo nilikula nayo siku kumi na mbili. Msinicheke, hamjui upweke ni nini.

Kwetu Meru mwanamke hubeba mzigo kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, na mzigo unalala chini karibu na kiuno. Uzito lazima ukae chini, la sivyo utaangushwa kifudifudi njiani. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa nikiwa msichana, na hivyo ndivyo nilivyofunga. Nani angeniambia nimekosea?

Mwaka wa sitini na sita, Kinoti alirudi kutoka upande wa Hulugho akitetemeka kwa malaria. Siku zote alikuwa akilikung'uta shanta mwenyewe nje, ati kuna mchanga na siafu. Siku hiyo alianguka kitandani na viatu vyake. Nikalivuta shanta nilifungue mimi.

Nililitazama ndani mpaka miguu ikaniuma. Blanketi lilikuwa chini. Makopo yaliyobaki yalikuwa juu, yamebanwa upande wa mgongoni. Unga umegawanywa katika vifuko viwili, kimoja kulia, kimoja kushoto. Na vyote vilikuwa vimefungwa kwa kamba yenye fundo nisilolijua, fundo safi la mtu mwenye subira. Huo haukuwa mkono wangu. Na Kinoti ninayemjua mimi hata shuka alikuwa hakunji.

Asubuhi alikuja Fatumo, Msomali aliyetuuzia kwenye laini maziwa ya ngamia wa jamaa zake. Nilikuwa namwita Mama Nunow, na ndiye mtu pekee niliyezungumza naye siku nyingine mpaka jua kuzama. Nikamwonyesha fundo.

Akalishika, akalizungusha. "Abaayo, dada yangu, hii fundo ya ngamia. Natumia kufunga nyumba, tukihama."

"Wanaume hufunga hivi?"

"Mwanaume?" Akacheka. "Kwetu mwanamke ndio nafunga mzigo kwa ngamia. Bande hii na bande hii, sawasawa. Wallahi, mwanamke alifunga hii anajua kazi." Alikuwa na ngamia kumi na mmoja, wote wakaisha katika vita vile. "Mimi sasa nafunga nini," akasema, akanipimia maziwa.

Sikuyapika yale maziwa, yaliganda yakamwagwa. Siku tatu nilimuuguza Kinoti huku namchukia. Nilimpa dawa, nikampa uji, nikambadilishia nguo iliyolowa jasho, na kila nikigeuka namwona huyo mwanamke amepiga magoti mahali fulani huko porini akilifunga shanta langu. Siku ya nne homa iliposhuka, niliweka ile kamba mapajani mwake.

"Ni nani?" nikamwuliza.

Alielewa mara moja. Hakujifanya.

"Habibo," akasema.

Kumbe mtu anaweza kujua jambo siku tatu na bado likamkata likitajwa jina.

"Ni mzee, Mama Justus. Ana meno mawili." Akaanza kunieleza polepole. Doria yake ya kwanza, mwaka wa sitini na nne, shanta lilimvuta nyuma mpaka mikanda ikamchuna mabega. Siku ya pili akaachwa na wenzake karibu nusu maili, na kule mtu aliyeachwa nyuma anahesabiwa amekufa. Akawakuta kisimani. Hapo palikuwa na mama mmoja akimpakia ngamia. Alimtazama Kinoti anavyotembea, akacheka, akamvua shanta bila kumwomba ruhusa, akamwaga kila kitu mchangani. Akamfundisha. Kizito kikae juu, kigusane na uti wa mgongo. Chepesi chini. Kulia na kushoto kulingane. Kisha akamkaza mikanda yeye mwenyewe, kama anamfunga mnyama.

"Mara moja tu?"

"Mara moja tu. Tangu hapo nafunga mwenyewe. Pale kwenye kizuizi cha barabarani nje ya mji, tunaposhuka kwenye lori kuhesabiwa, nalifungua, natoa vyote, napanga upya."

"Kila safari?"

"Kila safari."

Miaka miwili. Nilijaribu kuhesabu ni doria ngapi, nikaacha.

"Mbona hukuniambia?"

Kinoti aliangalia mikono yake. "Siku hiyo ya kufunga ndiyo peke yake nilikuwa nakuona una furaha."

Nikatoka nje. Nililia nyuma ya choo cha laini, mahali pasipo na mtu wa kuniuliza. Angekuwa mwanamke mwingine, ningejua la kumfanya. Ningemtukana, ningemngoja njiani, ningerudi kwa mama yangu nikiwa na kisa. Lakini hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na mimi tu, nikiujaza mgongo wa mume wangu maumivu na kungoja nisifiwe.

Amri ya doria ilipokuja tena, Kinoti alilichukua shanta akaenda nalo pembeni, kwa adabu, kama mtu anayechukua kitu cha mgonjwa. Nikampokonya. Nikalijaza, nikalivaa mwenyewe, nikatembea nalo kutoka mlangoni hadi kwenye bomba na kurudi. Wake wa laini walisimama kunitazama, na waliocheka walicheka. Lilinivuta nyuma, nikahamisha makopo. Likaniinamisha kulia, nikapunguza unga. Mikanda nikaifupisha mpaka shanta likanigusa mgongo wote. Nilikwenda na kurudi mara sita. Kinoti alikuwa mlangoni, na safari hii hakuniambia limekaa vizuri.

Asubuhi lori lilipowachukua, nilijifunika leso hadi usoni, nikapita njia ya mkato nikaenda kuketi pale kwenye kizuizi kati ya akina mama wa maziwa, karibu na Mama Nunow. Nilikuwa nimeshaamua. Akilimwaga shanta, mimi sina kazi tena kwake, na lori la ng'ombe la Jumamosi litanirudisha kwetu.

Walishuka. Sajini akaanza kuita majina. Kinoti akaitikia lake, akaenda kando, akalitua shanta na kupiga goti. Akafungua bizimu ya kwanza ya mikanda. Akafungua ya pili. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akapapasa, akakaa hivyo muda. Kisha akautoa mkono mtupu na kuzifunga bizimu zote mbili.

Chupa ya maji tu ndiyo aliyoihamisha. Niliifunga kulia, naye bunduki huiweka bega la kulia. Aliifungua akaitia upande wa pili, akavaa shanta, akapanda lori.

"Kushoto," nikasema.

"Nini kushoto?" Mama Nunow akaniuliza.

"Chupa," nikamwambia, na nilikuwa nalia, na lori lilikuwa limekwishaondoka.