Diski ya Pili

Asubuhi ya Jumatatu kompyuta ya mchora ramani iliwaka kama kawaida, feni ikavuma, kioo kikawa cheusi, kisha yakatokea maandishi meupe yakisema hakuna diski. Mchora ramani akaizima, akaiwasha. Akaichomoa kwenye umeme, akanywa chai, akaichomeka tena. Hakuna diski. Ndani ya diski hiyo ambayo haikuwapo kulikuwa na michoro ya nyumba zote alizowahi kuchora, pamoja na ya hoteli aliyotakiwa kuikabidhi Ijumaa.

Mkewe, akiwa mlangoni kwenda kazini, alimwambia amwite Bisibisi. Huyo alikuwa fundi mwanamke wa mtaa wa pili, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila bisibisi mkononi, hata msibani.

Bisibisi alifika, akavua viatu, akaingia sebuleni. Kwenye kiti kilicho kando ya meza ya kompyuta alikuwa amekaa mama mzazi wa mchora ramani. Juu ya magoti yake kulikuwa na koti la mtu, mwavuli na mfuko wa vitunguu.

“Shikamoo, mama,” akasema fundi.

“Marahaba, mwanangu.”

Mchora ramani akageuka kuuliza anaongea na nani. Fundi akamwambia anaongea na mama yake, huyu hapa kitini. Mchora ramani akakitazama kiti, akaona koti lake alilokuwa akilitafuta tangu juzi.

“Kumbe yuko hapo,” akasema. “Mwambie asogee, anakuzibia mwanga.”

Haukuwa ugonjwa wala ugomvi. Mama alikuwa ameanza kutoonekana na watu wa nyumba ile tangu msimu wa mvua uliopita, kwanza wakati wa kula tu, halafu kutwa nzima. Walimpenda, ukiwauliza, wangekuambia hivyo na wasingekuwa wanadanganya. Lakini walipakua chakula bila sahani yake, na walipomkalia kwenye kochi walidhani ni mto, wakasogea wakae vizuri. Asubuhi alisema “Mmeamkaje?” akajijibu mwenyewe kwa sauti ya mwanawe, kisha ya mkwewe. Mchana alijitegea vitendawili, ila hilo lina tabu yake, maana mtegaji anajua jibu.

Bisibisi alifungua kasha la kompyuta, akapuliza vumbi. Akabadilisha waya unaopeleka habari kwenye diski, akabadilisha na wa umeme, akatoa betri ndogo ya ubao wa ndani akaweka mpya. Diski ilikuwa inazunguka vizuri. Ukiigusa inatetemeka kama paka aliyeshiba. Akaitoa akaiunga kwenye mashine yake ya mkononi, ikaonekana palepale, hoteli nzima ndani yake. Akairudisha. Hakuna diski. Akaweka diski yake mwenyewe, nayo haikuonekana. Akaibeba kompyuta hadi dukani kwake, ikaona diski zote mbili bila ubishi. Akairudisha kwenye ile meza ya sebuleni, haikuona hata moja.

Fundi akajifuta mikono, akasema mashine ni nzima na diski ni nzima. Ubovu uko kwenye nyumba.

Mchora ramani akauliza kama ubovu wa nyumba unaweza kutengenezwa kabla ya Ijumaa. Simu yake ikalia, ni wale watu wa hoteli, akatoka barazani kuwatuliza.

Mama akauliza mashine hii, inapowashwa, huwa inafanya nini. Bisibisi akamweleza kama anavyomweleza kila mteja: kwanza inaita majina, kama mwalimu darasani. Inaita kumbukumbu, inaita kibodi, inaita diski. Anayeitika anahesabiwa yupo. Diski ya humu inaitika, ila sauti yake haifiki.

“Hiyo naijua,” mama akasema. “Hebu iwashe.”

Akaweka chini koti, mwavuli na vitunguu, akavuta kiti. Feni ilipoanza kuvuma akainamia kasha.

“Nipo,” akasema, bila haraka, kama mtu anayeitika kutoka jikoni.

Maandishi meupe yakatokea. Diski ya kwanza, na ukubwa wake. Chini yake mstari mwingine. Diski ya pili: Mama. Bisibisi aliusoma, akaona hakuna kosa, akaanza kurudisha skrubu.

Mama aliutazama mstari huo kwa muda. Kisha akamwomba fundi amsomee, ingawa kusoma alijua. Fundi akasoma, “Mama.” Akamwomba asome tena.

Mchora ramani aliporudi, alifurahi kuiona hoteli yake ikiwa salama. Kidole kikashuka kwenye mstari wa chini.

“Hii ya pili ni nini?”

“Ni mama yako.”

“Ina nafasi?”

Bisibisi akaifungua. Ilikuwa imejaa miji. Mchora ramani alipokuwa mtoto alikuwa mvivu wa kufikiri. Akitegewa kitendawili alisema ameshindwa, akaombwa mji, akatoa mji. Wenzake walitaja miji waliyoisikia redioni. Yeye alitunga yake: mji wa mapaa ya buluu, mji wa ngazi tupu, mji ambao madirisha yake hupishana barabarani na kusalimiana. Mama aliupokea kila mmoja, akaenda akala akanywa huko, akarudi na jibu. Hakuna hata mmoja alioupoteza. Yote ilikuwa humo, imefagiliwa, taa zinawaka.

Mchora ramani aliipitia upesi upesi. Kwenye mji wa ngazi alikawia kidogo, akakuna kidevu.

“Mambo ya kitoto,” akasema. Hoteli ilikuwa nzito na diski ya kwanza ilikaribia kujaa. Akamtaka fundi afute.

“Mimi natengeneza, kaka. Kufuta ni kwa mwenye mashine.” Bisibisi akageuka. “Mama, unasemaje?”

Mama akauliza kama ili kufuta ni lazima mtu aanze kwa kufungua pale penye jina lake. Fundi akamjibu ni lazima, kila mara.

“Basi mwache afute kidogokidogo,” mama akasema. “Tutakuwa tunaonana.”

Hoteli ilikabidhiwa Ijumaa, zikaja kazi nyingine. Kila asubuhi mama huvuta kiti, huitika, na mashine humwandika. Mchora ramani ana mazoea ya kusoma kwa sauti, kwa hiyo anapofika mstari wa pili husema, “Mama,” macho yakiwa kwenye kioo. “Naam, baba,” mama humwitikia. Yeye hufuta mji mmoja, huweka ghorofa moja, hufunga.

Siku alipofuta ule wa mapaa ya buluu, mama alikuwa amesimama katikati ya sebule na kitambaa cha vumbi mkononi. Alibaki pale akijaribu kukumbuka ni wapi alikokuwa akienda kila mchana. Mkwewe alirudi kazini, akatundika mkoba begani mwa mama, akapita. Mama akarudi kitini na mkoba huo, maana mashine ilikuwa imezimwa ili iwashwe upya, na baada ya muda mfupi ingeita.