Sori Haipishi Trei ya Moto

Sheria ya kwanza kwenye tanuri la mikate ni mdomo. Ukitoka na trei ya moto na kuna mtu mbele yako, unapaza sauti: "Moto nyuma!" Naye hageuki wala hasalimii. Anabana viwiko na kuganda kama nguzo mpaka upite. Mama alimwambia hivyo bintiye siku ya kwanza ya kazi, akarudia kesho yake, na bado roho ilikuwa juu juu. Alimjua mwanawe, ulimi laini kama siagi.

Binti alikuwa akisoma Kiingereza jioni, na neno lililomkaa moyoni ni "sori". Akipiga chafya, sori. Akimkanyaga paka, sori. Mama mdogo, aliyekanda unga kwenye meza iliyo karibu na tanuri, akambandika jina: Bibi Sori.

"Hivi hilo neno limetoka wapi, mpaka likuchukue akili?" mama mdogo aliuliza wakikata madonge.

"Mwalimu anasema lina undugu na neno la kidonda. Zamani aliyelisema alikuwa anasema: naumia ndani."

"Basi wewe una vidonda vingi, mwanangu!"

"Cheka tu. Hata kitu kilichochakaa mpaka kinatia huruma, Waingereza wanakiita hivyohivyo, sori. Kama aproni yako."

"Weee! Aproni yangu niachie."

Mama alicheka nusu. "Humu ndani utamke moto. Hilo la kidonda liache mlangoni."

"Lakini mama, kumpigia mkubwa kelele mgongoni? Naona aibu."

"Aibu haitoi malengelenge. Moto haukungoji umalize adabu."

Asubuhi moja binti alitoa trei, akaishika kwa vitambaa, akapita nyuma ya mama mdogo. Kwa sauti ya kubembeleza mtoto akasema, "Sori, mama mdogo."

Mtu akikuomba radhi unamgeukia. Mama mdogo akageuka na tabasamu lake. Ukingo wa trei ukamlamba mkono, kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Mikate ikatapakaa sakafuni.

Mama aliruka, akamburuta mdogo wake mpaka bombani, akaushikilia ule mkono kwenye maji baridi. Nyuma yake binti alikuwa akilia, "Sori, sori, sori..."

"Nyamaza ulete kiti!" mama alifoka.

Nesi aliufunga mkono, akasema utapona, ila usiguse unga kwanza. Mama akamhamishia binti kwenye kufunga mikate, mbali na tanuri.

Tangu hapo neno likamkauka mdomoni. Kila alfajiri kabla ya kazi alikwenda kwa mama mdogo kumchotea maji, kumchana nywele na kumfunga vifungo vya blauzi. Siku moja mama alimfuata, akasimama mlangoni.

"Umeruka kifungo," mama mdogo alisema.

Binti akafungua vyote, akaanza upya.

"Sasa nakuja kwenye mkono!" alitangaza, kwa sauti ya kufika barabarani. "Nausogeza! Naugusa!"

"Mimi si kiziwi, mwanangu. Utaamsha majirani."

"Waamke," mama alisema kutoka mlangoni. "Mwache apige kelele."