Kiti cha Mtu Asiyekuwepo

Veniamin Sukhorukov alilala chali ndani ya kiti chake, magoti yamekikaribia kidevu, mfano wa kitoto ambacho mamaye bado hajaamua kukizaa. Vazi la anga lilikuwa limejazwa hewa hadi likawa gumu kama gurudumu la lori. Kila alipotaka kukunja kidole, glavu ilimgomea kama mlango uliovimba kwa mvua. Pua ilikuwa imeanza kumwasha dakika ya nne. Sasa ilikuwa dakika ya kumi na saba, na zilizosalia zilikuwa mia moja na tatu.

"Vipi hali, Veniamin Arkadyevich?" Sauti ya Kapitolina Yegorovna ilimfikia masikioni kupitia waya.

"Safi kabisa."

"Mgongo?"

"Safi."

"Na magoti?"

"Safi, kama ya kuazima."

"Hapo ndipo ninapoingiwa na hofu," akasema yule mama.

Kapitolina alikuwa amewavisha wanaanga kwa miaka thelathini na sita katika karakana ile iliyo nje kidogo ya Moscow. Miili yao aliijua kuliko wake zao, na mwenyewe hakulificha hilo, hata mbele ya wake zao. Kila mmoja alifinyangiwa kiti chake kwa kalibu ya mgongo wake mwenyewe, kisha akalazwa humo saa mbili nzima, vazi limejaa hewa, aseme panapomuuma. Kiti kisichokuwa na sahihi ya Kapitolina hakikutoka karakanani. Na mtu asiye na kiti hapandi roketi.

Lakini wanaanga nao walikuwa na imani yao, waliyorithishana kama siri ya ukoo: anayelalamika hubaki. Kwa hiyo waliitikia "safi" jinsi waumini wanavyoitikia amina. Veniamin alikuwa amesubiri miaka kumi na miwili. Mara mbili alikuwa mtu wa akiba, akawapungia wenzake mkono mpaka bega likamuuma, na hata bega hilo alisema ni safi. Sasa zamu ilikuwa yake, na nyuma ya kioo, akinywa chai taratibu, alikaa mtu wake wa akiba, Tagir Valiullin, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye adabu nyingi na mifupa mitiifu.

Chini ya bega la kushoto, Veniamin alihisi kana kwamba mtu amempigilia kigingi cha hema. Naye alijua ni nani aliyekipigilia.

Miezi miwili nyuma, siku ya kufinyanga, walimshusha ndani ya beseni la plasta ya uvuguvugu, akiwa na nguo nyeupe za ndani tu. Madaktari watatu, wanawake wote, walisimama wakitazama. Tagir pia alikuwepo, na tumbo lake bapa kama ubao wa kupigia pasi. Basi Veniamin, mtu mzima wa miaka arobaini na minane, akaingiza tumbo ndani, akatunisha kifua, akanyoosha mgongo kama askari wa gwaride, akabaki hivyo mpaka plasta ikaganda. Daktari mmoja alisema, "Oho, kifua hicho!" Neno hilo alilitafuna wiki nzima kama pipi. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kiti cha mwanamume mzuri wa miaka thelathini ambaye hakuwahi kuwepo, na Veniamin akawa mpangaji wake.

"Dakika ni nyingi," alisema Kapitolina kwenye waya. "Ngoja nikupigie hadithi. Nilikuwa na mmoja hapa, simtaji jina maana mkewe yu hai na ana mkono mzito. Alitoka nje ya kituo cha anga kwa saa sita, pua ikamwasha saa zote sita. Ndani ya kofia ile utaikuna na nini? Aliporudi ndani aliikuna mpaka ikapungua. Ilibidi apigwe picha mpya ya pasipoti."

Nyuma ya kioo Tagir alipaliwa na chai.

"Wa pili, glavu zilimng'oa kucha. Akaniletea tatu kwenye leso, kwa heshima, kama mtu anayerudisha vijiko vya jirani. Wa tatu ni wa safi. Mgongo, safi. Kiuno, safi. Na unajua huko juu mtu hurefuka, uti wa mgongo unajinyoosha kama paka aliyeamka. Wakati wa kurudi akaingia katika kiti kilichokuwa kinamkataa tangu huku chini. Chombo kikatua nyikani kama gunia la viazi lililotupwa toka ghorofani. Wakamuuliza hali. Akasema safi. Akaendelea kusema safi siku arobaini, hospitalini, hawezi kugeuka."

Kigingi kilimsukuma Veniamin taratibu, bila haraka, kama mtu mwenye saa mbili za kupoteza.

"Kapitolina Yegorovna, hiyo umeitia chumvi."

"Ya pua niliitia chumvi, mwanangu. Hii ya mwisho sikuitia hata punje."

Veniamin alimtazama Tagir. Kijana alikuwa ameweka kikombe chini, na usoni pake hapakuwa na tamaa. Palikuwa na wasiwasi tu, ule wa mtu anayemtazama mwenzake juu ya ngazi mbovu. Jambo hilo lilimshangaza Veniamin kuliko maumivu. Miaka kumi na miwili alikuwa amejilinda dhidi ya sura ya mtu anayeweza kuchukua nafasi yake, naye hakuwahi kuitazama vizuri.

"Panauma," akasema.

"Wapi?"

"Chini ya bega la kushoto. Na kiunoni. Na pua, jamani, pua itaniua!"

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoingia." Akavuta pumzi. "Siku ya plasta niliingiza tumbo ndani."

Karakana iliangua kicheko. Mafundi walishikilia meza.

"Kumbe unadhani sikuona?" Kapitolina alijifuta machozi. "Ulikuwa mwekundu kama bitiruti! Nikasema, huyu akipumua atapasua beseni."

"Mbona hukusema?"

"Tumbo ni la nani? Nilikuwa nakusubiri. Ungefika mwisho na safi zako, ningekataa kutia sahihi, na Tagir angekwenda."

"Kaka Veniamin, hata mimi niliingiza kidogo," alisema Tagir.

"Wewe una nini cha kuingiza?" Kapitolina alimkata. "Kaa kimya, unywe chai."

Daktari Izolda Pavlovna, mmoja wa wale watatu wa siku ya plasta, hakucheka sana. "Zimebaki siku kumi na tisa kabla ya kuruka," alisema. "Kalibu mpya itawahi?"

"Itawahi, kama bwana huyu atapumua kama binadamu."

Kesho yake walimshusha tena katika plasta. Alifumba macho, akaliachia tumbo lake. Likatoka kwa heshima zote, kama mgeni aliyecheleweshwa mlangoni. Hakuna aliyesema neno kuhusu kifua.

Siku ya jaribio la pili alilalamika nusu saa bila kupumzika. Mshono wa kwapa unakwaruza. Sikio la kulia lina joto. Nepi imejikunja, samahani akina mama, lakini imejikunja. Kapitolina alipiga alama za chaki, mafundi wakachonga kiti kwa visu vyao, wakamrudisha, akalalamika tena, wakachonga tena. Kisha maneno yakamwishia.

Alilala akitafuta maumivu mengine, kama mtu anayepapasa mifuko kabla ya safari. Pua iliwasha, akaiacha iwashe. Mgongo wake ulikuwa umekutana na umbo lake kila mahali, bila ugomvi. Sauti zikaanza kumfikia kutoka mbali.

"Anakoroma?" aliuliza Izolda Pavlovna. "Nimwamshe? Bado dakika arobaini."

"Mwache."

"Na sahihi?"

"Nimeshatia."

Kwa mbali Veniamin akasikia kitu kikidondoka sakafuni, kisha kingine, na Kapitolina akishusha pumzi ndefu.

"Viatu hivi," alisema, "vimenibana tangu asubuhi."