Kikohozi cha Kwenye Kona

Atuganile alikuwa hajawahi kumwona baba mkwe wake usoni, na aliolewa na mwanawe karibu miaka thelathini iliyopita. Anayeshangaa na ashangae. Alimjua kwa mgongo, kwa kofia yake ya pama, kwa mlio wa fimbo, na zaidi ya yote kwa kikohozi. Kwa Wanyakyusa walioshika ya zamani, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Akimwona anakuja huiacha njia, huingia majanini, hugeuka na kujifunika kanga mpaka apite. Mzee naye ana wajibu wake, mmoja tu: akifika kwenye kona hukohoa, ili mkwe apate nafasi ya kutoweka.

Wazee wengi wa rika la Mzee Mwakalinga walishawaachilia wakwe zao. Walisema dunia imebadilika, wakapokea chai mikononi mwao, na hakuna aliyekufa. Yeye hakumwachilia wake. Aliipenda heshima ile kama wengine wanavyopenda pombe, na kila alipoinywa alitaka zaidi.

Basi mama wa watu akawa mtu wa kukimbia. Alikimbia akiwa bibi harusi mwembamba, alikimbia akiwa na mimba ya Pendo, alikimbia mpaka akanenepa, akawa anakimbia huku anahema. Kazi yake ilikuwa cherehani, pale sokoni Iyunga, na mtu hapungui kwa kukaa kwenye cherehani kutwa. Alipovuka miaka hamsini, sukari ikamkamata.

"Mama, dawa peke yake hazitoshi," daktari alimwambia. "Lazima mwili utoke jasho. Kwa magoti haya usitembee sana, tafuta baiskeli."

Daktari hakutaja mguu, lakini Atuganile alitoka pale akiwaza mguu tu. Mama yake mzazi aliondoka na sukari hiyohiyo. Walianza na kidole, wakaja kifundo, wakaishia gotini, na miaka yake ya mwisho aliimaliza kitandani akiomba akunwe wayo ambao haupo. Kufa Atuganile hakukuogopa sana. Aliogopa kukatwakatwa.

Pendo, binti yake, anafanya kazi Iringa, na kila Jumamosi huendesha baiskeli na wanawake wenzake. Alimtumia mama yake baiskeli ya gia ya mtumba, ikaja kwa basi. "Ukiiweza, tutaenda wote mpaka Kalenga, nje ya mji huku," alimwambia kwenye simu. "Mimi na wewe, mdogo mdogo."

Kujifunza kulikuwa vituko. Vijana wa bodaboda walisimamisha shughuli zao kumtazama mama mzima, suruali ya michezo chini, kitenge juu, akiyumba barabara nzima. "Mama Pendo, breki zipo?" walimpigia kelele. Alianguka, akajipangusa, akapanda tena. Haikuchukua muda akawa anaifuata njia ya vumbi kando ya reli kila asubuhi, akipanda mteremko kwa gia nyepesi na kushuka upepo ukimpiga masikioni. Alikuwa na furaha, tusifichane. Sukari ilishuka, na yeye mwenyewe akakaa kwenye cherehani yake kubana magauni yaliyokuwa yamemlegea.

Mzee Mwakalinga hakuipenda furaha hiyo. Alimwita mwanawe Zabron, mtu mwema ambaye mbele ya baba yake hana ulimi.

"Mkeo anapita juu ya chuma kama mwanamume," alisema. "Iko siku atanikuta uso kwa uso. Mwambie ashuke."

Zabron akaupeleka ujumbe kama ulivyo. "Mama Pendo, Tata hapendi."

"Kwa hiyo Tata anataka nife?"

"Sijasema hivyo mimi."

"Basi mwambie ni daktari ndiye kasema. Mimi ni mgonjwa, baba Pendo, siendi kutembea."

Zabron alikuna kichwa. Hakukataza, hakuruhusu, na kwa baba yake hakupeleka jibu.

Wiki iliyofuata mzee, ambaye miaka yote matembezi yake yalikuwa ya kwenda upande wa kanisani, akahamia njia ya reli. Alisema ananyoosha miguu. Alikuwa akitokea kwenye kona ya mikaratusi, chini ya mteremko, akakohoa, na Atuganile akafunga breki, akashuka, akaisukuma baiskeli majanini na kugeuka. Alisimama pale jasho likimkaukia mgongoni mpaka fimbo ipite. Alipobadili saa, mzee naye alibadili. Hata mtoto wa chekechea angeelewa kinachoendelea, na Atuganile alielewa, ila alijipa moyo kwamba mzee atachoka.

"Mama, mpite tu," Pendo alimwambia kwenye simu. "Sema shikamoo, songa mbele."

Atuganile alicheka. "Wewe umezaliwa mjini."

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Mbeya ikiwa kali na ukungu umelala juu ya reli, alikuwa anashuka mteremko ule. Alitega sikio kama kawaida. Kimya. Akaachia breki.

Mzee alikuwa amesimama katikati ya njia, fimbo mbele yake, mdomo umefungwa. Nafasi ya kumpita ilikuwepo, kushoto na kulia, hata mkokoteni ungepita. Lakini mikono ya Atuganile ilikuwa na miaka thelathini ya kukwepa ndani yake, na haikumuuliza. Ikakata usukani, ikampeleka mtaroni na baiskeli yake.

Alianguka juu ya mawe. Meno ya gia yakamchana juu ya kisigino. Na tazama mwanamke huyu alivyofundwa: kabla hajautazama mguu wake, alivuta kitenge akajifunika kichwa, kisha akageukia ukuta wa mtaro. Akasikiliza. Alitegemea mzee aite mtu. Alisikia fimbo tu, ko, ko, ko, ikipita juu yake na kwenda zake. Aliyekuja kumtoa ni Severina muuza maziwa, na alipomuuliza imekuwaje, Atuganile alisema ameteleza.

"Mchubuko huo," Zabron alisema akiutazama. Mzee, kutoka nyumbani kwake ng'ambo ya ua, alileta salamu ya neno moja: nilisema.

Atuganile hakwenda kwa daktari. Daktari angeuliza ameangukaje, na kujibu swali hilo ilikuwa kumshitaki mkwe. Alikanda kwa maji ya chumvi akafunga kitambaa. Ndivyo alivyomstahi mzee, kwa nyama ya mguu wake mwenyewe. Mguu wa mwenye sukari hauumi sawasawa, na kisichouma hakikumbushi. Harufu ndiyo iliyowakumbusha. Walipomfikisha hospitali, hapakuwa na la kufanya ila kuukata, chini kidogo ya goti.

Aliporudishwa nyumbani, akina mama wa kanisani walikuja na mchele na sala. "Pole, mama Pendo. Baiskeli ni ya vijana." Mtaa mzima uliilaumu baiskeli, na Zabron akaigawa kwa mtu wa Mbalizi bila kumuuliza mwenyewe. Pendo, aliyetoka Iringa kuja kumuuguza, ndiye pekee aliyeuliza swali la maana.

"Mama, babu alikohoa?"

Atuganile aliugeukia ukuta. "Hakukohoa."

Pendo alimfuata baba yake uani. "Tata ni mzee," Zabron alijibu, macho chini. "Labda alisahau." Atuganile aliyasikia yote kupitia dirishani. Alikuwa amevumilia mengi katika nyumba ile, lakini ile *labda* ya mumewe ilimchoma kuliko kisu cha hospitali, na machozi ambayo hakuyatoa kwa ajili ya mguu aliyatoa hapo.

Alipopona alijifunza magongo. Cherehani ya kukanyaga ikamshinda, akabaki na kazi za mkono: kupiga pindo, kushona vifungo. Alipenda kukaa kwenye benchi mbele ya nyumba, pale njia ya reli inapotokea, akitazama wanaopita.

Asubuhi moja kikohozi kikasikika kwenye kona.

Mwili wake ulishtuka, ukataka kuinuka. Magongo yalikuwa ubavuni, kanga mabegani. Atuganile alipiga moyo konde, akaviacha vyote vilipo. Kikohozi kikaja mara ya pili, kikali zaidi, kikohozi cha mtu aliyezoea kutiiwa. Hakutikisika.

Mzee akatokea. Kwa mara ya kwanza Atuganile akamtazama usoni. Ulikuwa uso mdogo wa kizee wa kawaida, wenye jicho linalotoa machozi na ndevu zilizonyolewa vibaya. Alikuwa ameukimbia uso huu ujana wake wote, na haukuwa na kitu.

"Shikamoo, baba," alisema.

Mzee alitazama pembeni haraka. "Toka njiani," alisema.

"Mguu wa kukukimbia ulikatwa, baba. Na siku ile hukukohoa."

Mzee aligeuka kushoto, akageuka kulia. Nyuma yake watu walikuwa wanakwenda sokoni, na Severina na ndoo zake za maziwa alishasimama kutazama. Kukaa uso kwa uso na mkwe hakuweza. Alikuwa ameijenga mwenyewe ile sheria, fito kwa fito, na sasa imemfungia ndani. Akashika majani, akateremka kwenye mtaro wa kando ya njia, mguu ukateleza, kofia ikaanguka. Akasimama mle ndani kwenye tope, mgongo ameugeuza, akingoja mkwe wake aondoke ili apite.

Atuganile alitunga uzi kwenye sindano, akachukua shati lililokuwa halina vifungo. Hakuwa na pa kwenda.