Setilaiti Langoni

“Tangazo kwa wote wenye macho: kuanzia leo saa sita mchana, majeshi ya shule yetu tukufu yanapanuliwa hadi anga za juu na ndani ya mtandao. Setilaiti ya kijeshi italinda lango kuu. Mlinzi wa miguu anashukuriwa kwa utumishi wake.”

Setilaiti yenyewe ilikuwa mfuniko wa sufuria uliotundikwa kwa kamba ya kiatu kwenye dirisha la bweni. Kikosi cha mtandao kilikuwa na kompyuta moja ya maabara, iliyowashwa kwa kuchokonolewa kwa kalamu. Amiri wa yote hayo, mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye hata mama yake alishazoea kumwita Jemadari, alilichapa tangazo alfajiri, akaligonga muhuri wa zambarau aliouchonga kwenye kiazi, akalibandika langoni. Wenzake walicheka hadi kengele ikawakatiza, naye akashinda asubuhi nzima akitembea kifua mbele.

Asiyecheka alikuwa mtu mmoja tu, mlinzi wa lango, mzee aliyestaafu jeshini na ambaye shule nzima ilimwita Afande. Kwake, karatasi yenye muhuri haikuwa na mjadala. Aliwahi kumwacha mkuu wa shule alowe mvua nje ya lango kwa sababu waraka wa mkuu huyohuyo ulipiga marufuku magari baada ya saa kumi.

Saa sita kasorobo Jemadari alipita langoni kwenda kusikilizia sifa zake. Akamkuta Afande amefunga begi. Juu ya meza ya kibandani filimbi, tochi, funguo na daftari la wageni vilikuwa vimepangwa kama askari kwenye gwaride.

Jemadari akamuuliza kulikoni. Mzee akamweleza bila kinyongo kwamba amri imefika. Miaka kumi na mmoja ilimtosha, na setilaiti haikohoi wala haisinzii. Mkewe ameshapigiwa simu. Kilichobaki ni makabidhiano tu, maana askari haachi lindo bila saini ya anayempokea.

“Sasa mjukuu wangu, wewe ndiye mtu wa kompyuta,” alisema. “Huyo mwenzangu atashuka saa ngapi kutia saini?”

Jemadari akabahatisha kwamba huenda kuna foleni huko juu. Afande akaitikia kwa kichwa, akaketi kusubiri.

“Na mama yako akija tena bila kitambulisho, atamjua?”

Hapo kicheko chote kikamkauka Jemadari. Mwezi uliopita mama yake angerudishwa na kikapu chake, kama Afande asingemtambua kwa kicheko tu, kabla hata hajafika langoni. Saa ya ukutani ilibakiza dakika tano. Mzee akavaa kofia, tayari kwa makabidhiano.

“Afande, vua kofia,” Jemadari akasema. “Hakuna setilaiti. Ni mfuniko wa sufuria. Tangazo nimeliandika mimi.”

“Lina muhuri.”

“Ni kiazi.”

Afande akafungua daftari na kushika kalamu.

“Kielelezo hicho kiko wapi?”

“Nilikitafuna, Afande. Kupoteza ushahidi.”

Mzee akamwamuru atoe ulimi. Jemadari akautoa. Ulikuwa wa zambarau hadi kooni.