Mistari ya Njano

Mimi sina subira, na sijawahi kudai ninayo. Jumamosi ile saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimeshamwaga chai, nimempigia daktari wa meno simu mara saba bila jibu, na nilikuwa navaa helmeti huku natembea.

Daktari wa meno ni mteja wetu. Wiki nzima hung'oa meno ya watu kwa upole, ikifika Jumamosi anapanda pikipiki yake ya Kitaliano, nyekundu, ya mbio, si kubwa sana wala si ndogo, anapeleka roho yake kwenye kona za mlimani. Mimi na baba tulikuwa tumeifanyia sevisi siku mbili nzima. Alikuja kuichukua saa mbili kamili, akatushukuru, akaondoka. Simu yake huwa ndani ya koti, na akishavaa helmeti hata radi haisikii. Dakika ishirini baadaye, kikombe kikiwa mdomoni, nikakumbuka kwamba jana yake sikurudia boliti za baba.

Inabidi nieleze, maana ni aibu yangu. Gereji ni ya baba, na sheria ni zake. Ukishakaza boliti kwa spana ya kipimo, ile inayolia tik nguvu ikitosha, unachora mstari mwembamba wa rangi ya njano kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye chuma kilichoishikilia. Boliti ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika, na unaona kwa macho bila kuuliza mtu. Baba haamini maneno ya fundi yeyote, akiwemo yeye mwenyewe. Anaamini mstari. Peni ya rangi tunayo moja tu, na tunaigombania kila siku.

Mwaka juzi mikono ya baba ilianza kutetemeka. Akishika kikombe, chai inaruka. Mistari yake, iliyokuwa imenyooka, ikaanza kupinda. Tangu hapo, kila jioni akishaondoka, nilikuwa nachukua spana ya kipimo na kupita nyuma yake, boliti moja baada ya nyingine. Sikumwambia. Nilijidanganya kwamba hiyo ndiyo heshima.

Dada yangu mkubwa, ambaye ni mkunga na hajui spana inashikwa upande gani, alisema huo ni ujinga. Yeye alitaka baba apumzike nyumbani kabla hajaua mtu. Ijumaa mchana alinipigia nikiwa kwenye gurudumu la nyuma la ile pikipiki ya daktari, tuliyoiita Mtaliano, baba akiwa mbele anafunga breki. Nikatoka nje kuongea. Tukabishana, tukatupiana maneno ya tangu utotoni, mwisho nikachoka nikakubali: Jumapili tungekaa na baba tumwambie asije tena kazini kuanzia Jumatatu. Nilirudi ndani nimevimba kama andazi, nikamaliza kazi, na jioni nikafunga gereji kwa hasira zangu. Kurudia boliti hata hakukunijia akilini.

Sasa gurudumu la mbele la mtu lilikuwa barabarani, limefungwa na mikono inayomwaga chai.

Baba alikuwa kwenye kigoda chake anaosha kabureta kwa petroli. Akaniuliza naenda wapi mbio hivyo. Nikasema nafuata spea. Akaitazama spana ya kipimo iliyochomoza kwenye mkoba wangu, kisha akarudi kwenye kabureta yake.

Nilijua pa kumkuta. Daktari na wenzake hukutana kwenye kituo cha mafuta chini ya mlima, na saa tatu kamili wanaanza kupanda. Kabla ya saa tatu ni kahawa na kupigana picha. Baada ya saa tatu ni kona, na kila kona ina korongo lake. Mimi nilikuwa na kipikipiki changu cha kubebea spea, ambacho kikienda kasi sana hupitwa na mabasi.

Njia nzima niliongea peke yangu. Niliona boliti ya breki ikitoka uzi mmoja, kisha mwingine. Nilimwona daktari akikamata breki na breki isimsikilize. Nilimlaani dada kwa kupiga simu, nikamlaani baba kwa kuzeeka, halafu nikaona haya kwa kumlaani baba. Kwenye taa nyekundu nilisimama nikipiga mguu chini mpaka mwenye gari jirani akashusha kioo kuniangalia. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa unatetemeka kwenye usukani. Hilo nililiona na nikalipuuza.

Nilifika saa tatu kasoro dakika nne. Walikuwa wameshaanza kuvaa glavu. Niliacha kipikipiki changu katikati ya njia ya magari, nikamshika daktari bega, nikamwambia kuna kitu nataka kuhakikisha, dakika mbili tu. Wenzake wakacheka, mmoja akauliza kama kwetu sevisi huwa inamfuata mteja hadi barabarani. Sikuwa na muda naye.

Nikapiga magoti mbele. Mistari ya baba ilikuwa pale yote, imepindapinda, mizima. Hilo halikunitosha. Nikaweka spana kwenye boliti ya kwanza ya breki. Tik. Haikusogea hata unywele. Ya pili, tik. Nikazimaliza nne za breki, nikaenda kwenye zinazobana ekseli, nne nazo. Tik, tik, tik, tik. Mwisho nati ya ekseli yenyewe. Tik.

Nilikaa chini kwenye sakafu yenye mafuta. Nilishusha pumzi, na nikisema ukweli, ndani ya ile nafuu palikuwa na uchungu mdogo. Nilikuwa nimekimbia kilomita kumi na tano kukamata kosa la mzee, na kosa halikuwepo.

Nikainuka, nikampungia daktari mkono aende. Hakuenda. Alikuwa ameshika helmeti, anajikuna shavu.

"Fundi, na nyuma je? Nilipokuwa nakuja nilihisi mkia unacheza kidogo. Nikadhani ni tairi."

Tairi la nyuma hatukuligusa. Tulichogusa nyuma ni mnyororo. Niliukaza mimi, na ili ukaze mnyororo lazima kwanza uilegeze nati kubwa ya ekseli, kisha uifunge upya. Nikazunguka upande wa pili, nikainama.

Mstari ulikuwa umekatika. Nusu yake ilikuwa kwenye chuma, nusu nyingine imeenda na nati, robo mzunguko mbali. Ulikuwa mstari mzuri, mwembamba, ulionyooka. Wangu. Niliigusa nati kwa vidole viwili na ikazunguka.

Hapo ndipo yote yaliponirudia. Ijumaa, simu inaita, baba ananiomba peni kwa mara ya tatu. Nati nilikuwa nimeizungusha kwa mkono tu. Ili nisije nikamnyima peni nikiwa nje, nilichora mstari wangu haraka, nikampa, nikasema moyoni nikirudi nitakaza. Niliporudi na hasira zangu niliiangalia nati, nikaona mstari, nikauamini. Huo ndio ulikuwa ukaguzi wangu wote. Nilirudia kazi ya baba kila jioni kwa mwaka mzima na zaidi, na hakuna aliyewahi kurudia yangu.

Nilimwambia daktari ukweli, pale pale, mbele ya wenzake. Waliocheka hawakucheka tena. Nikanyoosha gurudumu, nikapima mnyororo, nikakaza nati mpaka spana ikalia, nikarudia mara mbili. Daktari akavua glavu. Akasema leo hapandi mlima, atarudi nyumbani polepole, na Jumatatu anaileta gereji ikaguliwe yote. Nikasema ni haki yake.

Kurudi kulinichukua saa nzima. Baba alikuwa ameshamaliza kabureta na anafunga breki za pikipiki ya mteja mwingine, fundi cherehani. Nilisimama mbele yake nikamweleza kila kitu: nati, peni, simu. Nikamweleza na zile jioni. Hilo la jioni lilikuwa gumu kuliko la nati.

Hakushtuka. Akainyooshea kidole ndoano ya ukutani, inapotundikwa spana ya kipimo.

"Mimi nikimaliza hurudisha kipimo kwenye sifuri, ili springi isichoke. Kila asubuhi nakikuta kwenye namba ya boliti zangu. Nani mwingine alikuwa anaishika?"

Akaniuliza kama katika muda wote huo niliwahi kukuta hata boliti moja imelegea. Nilifikiri kwa makini, maana nilitaka sana kupata moja. Nikasema hapana, hata moja.

"Nyani haoni kundule," alisema baba. "Lakini wewe mwanangu umetia fora. Umekaa unalitafuta la mwenzako, na hilo nalo hukuliona."

Nikacheka, na machozi yakanitoka, nikasema nisamehe baba. Akanijibu kwamba msamaha niuombe kwa yule daktari. Kisha akanionyesha pikipiki ya fundi cherehani kwa kidevu, akaniambia nifunge gurudumu la nyuma.

Nilifunga, nikakaza, nikachora. Nilipomaliza nilichukua spana ya kipimo nikampa mkononi na kusogea pembeni. Mkono wake ulitetemeka njia nzima mpaka spana ilipoikalia nati, hapo ukatulia. Tik. Akairudisha sifuri, akachukua peni, na kando ya mstari wangu akachora wake, uliopinda.

Saa saba dada alipiga simu kuuliza Jumapili tukutane saa ngapi. Nikamwambia asisumbuke. Jumatatu baba ana kazi ya kukagua Mtaliano, na fundi anayekaguliwa ni mimi.